Yai la laki mbili

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika majuzi akitaka viongozi wa dini wawaachie wanasiasa siasa, wao wabaki na madhabahu yao. Barua yake nimeisoma mara mbili. Mimi ni mwinjilisti wa Kanisa Anglikana katika kijiji kimoja mkoani Dodoma, na kwa miaka 19 nimekuwa pia mtunza daftari la sadaka la mtaa wetu, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Nusu ya maneno yake nayakubali. Nusu ya pili naomba nimjibu kwa habari ya yai moja.

Kwetu sadaka haiji kwa fedha peke yake. Mavuno yakianza, mmoja huleta debe la uwele, mwingine bakuli la karanga, mwingine jogoo aliyefungwa miguu, mwingine mlenda uliokwisha kukaushwa. Ibada ikiisha tunatoka nje, mzee mmoja anasimama chini ya mkwaju anaanza kunadi. Jogoo anaanzia elfu nne, anafika kumi, aliyemnunua anamrudisha, ananadiwa upya. Nimewahi kuona jogoo mmoja akiuzwa mara tatu Jumapili moja, na mnunuzi wa mwisho akampeleka kwa jirani aliyekuwa amejifungua wiki ile. Wasiozoea wanaweza kuuona mnada huu kama njia ya kukusanya fedha tu. Mimi nimeuona ukiwafundisha watoto wetu kwamba kanisa hili ni lao, kwa sababu kila kilichomo wanajua kimetoka kwenye shamba la nani.

Paa letu la zamani liling'olewa nusu na upepo wa mwezi wa nane, upepo ambao kila mwenyeji wa Dodoma anaujua. Tulihitaji mabati 90. Kwa miaka mitatu ya mnada tulikuwa tumefikisha 38. Yameandikwa kwenye daftari, moja moja, na tarehe zake.

Katika waliokuwa wakileta sadaka alikuwamo bibi mmoja mjane, anayekaa ng'ambo ya korongo. Kila Jumapili alikuja na yai moja, amelifunga kwenye pindo la kanga. Lilinadiwa kwa shilingi 300, mara nyingine 500, na siku moja ya Pasaka lilifika 1,000. Sikumbuki Jumapili aliyokosa, isipokuwa za masika makubwa, korongo likijaa.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Mgombea mmoja alituma ujumbe kwamba angependa kusali nasi. Simtaji, wala sitaji alichokuwa akigombea, maana kosa ninalolieleza hapa ni letu kabla ya kuwa lake. Wazee wa kanisa walikaa Ijumaa wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati ule sikupinga. Tuliondoa benchi la mbele, tukaazima viti vya plastiki, tukavifunika vitambaa vyeupe. Kwaya ya vijana ilitunga wimbo kwa siku tatu. Zeze lilipigwa vizuri mno, na ndiyo maana nililia nilipogundua, siku nyingi baadaye, kwamba wimbo ule ulikuwa pambio letu la zamani la kumsifu Bwana, na pale palipokuwa na jina la Bwana wamepaweka jina la yule mgombea.

Siku hiyo tulinadi ndani, mbele ya madhabahu, kwa sababu mgeni asingeweza kukaa juani. Yai la bibi likatolewa. Mnadi akaanza na 300. Mgeni akainua mkono, akasema laki mbili. Kanisa lilijaa vigelegele, watoto wakapanda juu ya mabenchi kuona. Kisha akapewa kipaza sauti akasema kwa dakika 40. Mahubiri ya siku ile hayakuhubiriwa, muda ulikuwa umekwisha. Jumatano likaja lori na mabati 120.

Sitasema uongo: mabati hayo ndiyo yanayonikinga mvua hadi leo ninapoongoza sala, na mvua ya kwetu inavyosubiriwa tangu Mei mpaka Desemba, kusali mahali pakavu ni neema.

Jumapili iliyofuata bibi alileta yai lake kama kawaida. Mnadi akaanza na 300. Kukawa kimya, halafu mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mheshimiwa leo hayupo," na watu wakacheka. Liliuzwa kwa 300. Nimeliandika. Tangu siku hiyo bibi hakuleta yai tena. Anasali, anashiriki, anaimba, lakini pindo la kanga linakuja tupu. Nilimuuliza kwa upole, akanijibu, "Mwanangu, yai langu mmeshalipandishia bei nisiyoiweza."

Wiki mbili baada ya ile ya lori akaja mgombea mwingine wa nafasi ileile, wa chama kingine. Huyu ni mwalimu wa kijiji cha jirani. Alikuja kwa baiskeli, amevaa kandambili, suruali imejaa vumbi. Mimi mwenyewe ndiye niliyempokea mlangoni, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha benchi la nyuma karibu na dirisha. Hakuna aliyemtambulisha. Alitia noti ya elfu moja kwenye kapu, akaondoka baada ya baraka. Usiku ule nilifungua Waraka wa Yakobo sura ya pili, nikasoma habari za mtu mwenye pete ya dhahabu anayeambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na maskini anayeambiwa asimame kule. Nilikuwa nimefundisha sura hiyo kwenye darasa la kipaimara si chini ya mara kumi.

Sasa nije kwenye neno la msomaji wenu, kwamba dini na siasa visichanganywe.

Dodoma inakua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa mwaka 1973, lakini ni tangu 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, na 2018 mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji, ndipo vijiji vya pembeni vilipoanza kuuona mji ukija. Nafurahi kwa lami na umeme. Lakini shamba lililokuwa la uwele jana, leo lina vigingi. Walikuja watu na ramani, wakapima, wakaweka bikoni. Familia tatu za mtaa wetu zilikuwa na mashamba hapo, mojawapo lina mizabibu iliyokwisha anza kuzaa. Hawakukataa kupimwa. Walitaka kujua watalipwa fidia kiasi gani, na lini, na kwa nini majina ya wawili kati yao hayamo kwenye orodha. Walikuja kwa wazee wa kanisa kuomba mchungaji awasindikize kwenye kikao cha kuulizia mashamba hayo, basi, akae tu hapo na kusikia.

Jibu walilopewa niliandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za kikao cha wazee: kanisa halichanganyi dini na siasa.

Nilikuwapo. Niliandika, nikafunga daftari, nikanyamaza. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na yale mabati.

Ndiyo sababu neno hilo linaniuma ninapolisoma gazetini. Siku mgombea aliposema dakika 40 mbele ya madhabahu hakuna aliyelitamka. Lilitamkwa siku wenye mashamba walipotaka kusindikizwa. Nimejaribu kukumbuka mara moja tu ambapo lilitumika kumzuia mwenye nguvu, sijaipata.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa iliyowapiga Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipochukua ng'ombe na nafaka na mvua nayo ikagoma. Dada yake mkubwa alipelekwa kwa mtu mwenye ghala, ili wengine wapate nafaka. Bibi alisimulia kwamba dada huyo alishiba, akanenepa, akaolewa hukohuko. Alipokuja kuwatembelea, akiulizwa lolote, alimtazama kwanza aliyemleta. Nilipokuwa ninaandika kumbukumbu zile za kikao sikumfikiria dada wa bibi. Nilimfikiria usiku, na tangu hapo hajanitoka.

Katika kitabu cha Amosi, kuhani Amazia anamfukuza nabii asitabiri tena Betheli, na sababu anayoitoa ni kwamba pale ni mahali patakatifu pa mfalme. Amazia hasemi kwamba maneno ya Amosi ni ya uongo. Anasema nyumba ni ya mfalme. Nimehubiri kifungu hiki mara moja tu maishani, mwaka jana, na baada ya ibada mzee mmoja aliniuliza nilikuwa namsema nani. Nikamjibu najisema mimi.

Najua msomaji atanikumbusha maaskofu. Mwaka 2018 maaskofu Katoliki walitoa ujumbe wa Kwaresima uliogusa siasa za nchi, wale wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT) wakatoa waraka wa Pasaka wa namna hiyohiyo, na Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko kuhusu mkataba wa bandari kati ya serikali na Dubai, likasomwa makanisani. Wapo Wakristo wema waliokubali kila neno, wapo waliokasirika, nami katika baadhi ya mambo nilisita. Lakini nyaraka zile ziliandikwa, zikasainiwa, zikasomwa mchana kweupe, na aliyetaka kuzijibu alijua amjibu nani. Huko ndiko kusema kwa kanisa. Kipaza sauti kinachotolewa kwa sababu ya lori ni kitu kingine kabisa, hata kama aliyekishika hakutaja chama chake. Ninaposhangaa ni pale watu wanapoogopa la kwanza na kulizoea la pili.

Katiba yetu, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inakataza kusajiliwa chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani. Mimi si mwanasheria. Ninavyosoma, ukuta huo umejengwa kulinda pande zote mbili: kanisa lisiwe tawi la chama, wala serikali isiwe mali ya kanisa. Sioni mahali palipoandikwa kwamba mchungaji asikae na waumini wake wanapouliza habari za shamba lao.

Viongozi tutaendelea kuwaombea. Paulo amemwagiza Timotheo kwamba dua zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, tuishi maisha ya utulivu na amani, na katika kanisa letu sala hiyo haikosi. Iombwe kwa wote, waliotuletea mabati na wasiotuletea, tuliowapigia kura na tusiowapigia. Kadi ya chama ninayo tangu ujana, imo sandukuni, na Jumapili inabaki hukohuko.

Nawahurumia wachungaji pia. Mchungaji wetu anahudumia mitaa mitano kwa pikipiki moja, na ipo miezi ambayo posho yake haikutimia. Anapokuja mtu na bahasha, kumwambia asante, tia kapuni kama wengine, kunahitaji moyo ambao tumbo la watoto wake halimpi. Kwa hiyo siwarushii wao mawe. Sisi waumini tumewaacha wachungaji wetu na njaa, kisha tunashangaa kwamba wanamstahi anayewalisha.

Ombi langu kwa kikao cha wazee wa mtaa wetu nimeliandika tayari. Mgombea yeyote akija kusali, akaribishwe kwa "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kama tunavyomkaribisha kila mgeni, akae anapokuta nafasi, atoe sadaka kapuni, asipewe kipaza sauti, na mnada urudi nje chini ya mkwaju. Kwaya isimwimbie mtu aliye hai. Atakayetaka kutupa mabati au saruji alete baada ya uchaguzi, na risiti iandikwe jina lake bila cheo. Na zile familia tatu, kwa kuwa jambo lao bado halijaisha, mchungaji aende nazo kwenye kikao kijacho. Akishindwa, nitakwenda mimi, na daftari langu.

Kuhusu bibi, nilivuka korongo Alhamisi iliyopita. Nilimwomba msamaha kwa niaba ya kanisa, kwa ajili ya kicheko kile, maana hakuna aliyewahi kumwomba. Alinyamaza muda mrefu, akachochea moto. Kisha akauliza kama mnadi bado ni yuleyule. Nikamwambia ndiye. Akauliza bei ya mayai sokoni Majengo siku hizi. Sikuijua vizuri, nikamwambia nitauliza.

Mwinjilisti,
Dodoma vijijini