Barua kwa vijana wa miradi ya tabianchi: nani atabaki na spana?

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Naziona kazi zenu, za kupanda miti, kuzibua mitaro, kuchimba makinga maji na kufundisha watu dalili za mafuriko. Nawaandikia kwa sababu nawaamini, na kwa sababu kuna jambo ambalo mimi na wenzangu tulilijua tukiwa tumeshachelewa.

Nilipokuwa na umri wenu, kikundi chetu kilijenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye shule moja. Lilijengwa vizuri. Siku ya uzinduzi tulikata utepe, tukapiga picha, tukaondoka. Nilirudi pale kiangazi cha mwaka wa pili, nikalikuta tangi kavu. Chini ya koki saruji ilikuwa imefanya shimo dogo, limezungukwa na ukungu wa kijani, pale matone yalipokuwa yakiangukia usiku na mchana. Kipira cha ndani ya koki kilikuwa kimelika. Ni kitu kidogo, ukikifumbata mkononi hakionekani. Mlinzi aliniambia aliliona tatizo mapema sana, ila hakujua amwambie nani, na spana tulikuwa tumeondoka nazo sisi wenyewe. Watoto walirudi kubeba ndoo kama zamani. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo ninapowasikia mkihesabu miche mliyopanda, moyo wangu unauliza habari za mwaka wa pili na wa tatu. Ukame hauji siku ya uzinduzi. Mradi wa kustahimili tabianchi hupimwa siku ya dhiki, na siku hiyo huenda ninyi mko mbali, mmekwenda masomoni au kazini au mmeoa na kuolewa. Silaumu, ujana ndivyo ulivyo. Ila tangu kikao cha kwanza semeni nani atabaki na spana, na fedha ya kipira itatoka wapi. Mfadhili akikataa kuweka fungu la matengenezo, mwombeni apunguze fulana na mabango, fedha hiyo iende huko. Msione haya kulisema hilo.

Halafu waulizeni wanaopajua mahali. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko mingi ilipandwa kwenye fukwe za Sri Lanka, na sehemu kubwa ilikufa. Sababu mojawapo ni kwamba ilipandwa pasipoifaa. Mkoko hupenda maji ya chumvi, lakini unahitaji pia muda wa kutosha tope likiwa wazi. Mche uliopandwa mahali pa chini mno, ambapo maji hayaondoki kwa muda wa kutosha, huzama na kufa. Mvuvi anayejua bamvua, yaani maji yanapojaa sana, inafika wapi, na maji mafu, yaani yanapojaa kidogo, yanaishia wapi, angeweza kuwaonyesha kwa kidole. Mara nyingine hata kupanda si lazima. Ukifungua njia ya maji iliyozibwa, mbegu huja zenyewe na mkondo.

Niger inanifundisha jambo hilohilo kwa upande wa nchi kavu. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa mikoa yake ya Maradi na Zinder waliacha kung'oa machipukizi ya visiki vilivyokuwa bado hai mashambani mwao. Wakachagua machache yenye nguvu, wakapogoa mengine, wakayalinda na mifugo. Eneo la takribani hekta milioni 5 likarudi kuwa na miti. Kabla ya hapo miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima hakuwa na sababu ya kulinda kisichokuwa chake. Alipoanza kuuona mti kuwa wake, akaulinda bila kulipwa posho na mtu yeyote. Basi mnapoandika mradi, swali la nani mwenye mti lije kabla ya idadi ya miti.

Na kama kuna kazi ninayotamani muitazame kwa makini, ni ya Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 ukaanza mpango wa kuwaandaa wananchi kwa vimbunga, na leo una wanaojitolea zaidi ya 76,000, nusu yao wanawake. Vifaa vyao ni bendera, vipaza sauti, redio, na miguu ya kupita mlango kwa mlango. Mei 2020, kimbunga Amphan kilipokaribia, watu zaidi ya milioni 2 walihamishiwa mahali salama, na waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi. Fikirini, wanangu: walioanza kazi ile mwaka 1972 sasa ni wazee kama mimi, au wametangulia. Bendera zimepita mikono mingi, na wanaozipokea hufundishwa kazi.

Naomba basi mnifanyie hili. Kabla ya kikao chenu kijacho kufungwa, chukueni daftari, andikeni majina mawili ya watu wanaoishi jirani na mradi: mmoja wa kushika vifaa, mwingine wa kumsaidia akiugua. Kisha nendeni nao mpaka kwenye koki, mkawaachie waifungue na kuifunga kwa mikono yao wenyewe, ninyi mkitazama.

Mzee wenu anayewapenda.