Wageni wa Bangkok na siasa za wenyeji

Bangkok,
21 Septemba 2025

Ndugu yangu mpendwa Salum,

Assalamu alaikum. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba mama amepata nafuu ya mguu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa mvua za huku zinanyesha kila jioni na uchochoro wetu unajaa maji mpaka vifundoni.

Umeniuliza kama ni busara kuleta mawe yako ya vito Thailand mwaka huu, kwa sababu umesoma maoni ya wageni wanaoishi huku na wote wanasema nchi inakaribia kusambaratika. Nimekaa na wageni hao miaka sita sasa, wengine ni majirani zangu, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye mawe, niruhusu nikueleze maoni hayo yanapikwa wapi.

Nyuma ya barabara ya Silom, ambako wafanyabiashara wengi wa vito wana ofisi zao, kipo kibanda cha kahawa chenye meza nne na televisheni iliyotundikwa ukutani. Nilikuwa hapo alasiri ya tarehe 29 Agosti, Mahakama ya Katiba ilipomwondoa madarakani Waziri Mkuu Paetongtarn Shinawatra. Meza ya mbele walikaa wastaafu wawili kutoka Ulaya, ya pili kijana wa Kimarekani anayefundisha Kiingereza, nami nilikuwa pembeni na vipakti vyangu vya karatasi. Mwenye kibanda ni mama wa makamo ambaye sote tunamwita "phi", yaani dada mkubwa. Muda wote wa hukumu alikuwa akipangusa glasi ileile moja. Ilipokwisha kusomwa, alipunguza sauti ya televisheni, akauliza ni nani aliyeagiza kahawa ya barafu, na hakuongeza neno. Wageni ndio waliosema, tena kwa saa nzima.

Mstaafu wa kwanza anaamini kwamba nchi hii haiwezi kutulia bila mwanajeshi, na huwa anausifu utulivu wa miaka ya Jenerali Prayut Chan-o-cha, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi ya tarehe 22 Mei 2014. Nilimuuliza kwa upole kama angekubali jenerali wa kwao afanye hivyohivyo, akacheka kana kwamba nimemtania. Tangu mwaka 1932 nchi hii imeshuhudia mapinduzi yaliyofaulu zaidi ya kumi, na kwake yeye hiyo ni sifa ya hali ya hewa ya mahali, kama joto na mbu. Mwenzake hana chama wala itikadi, bali ana pensheni. Ili apewe viza ya kustaafu lazima aonyeshe baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, kwa hiyo fedha ya Thailand ikipanda thamani serikali huwa mbovu, na ikishuka serikali huwa nzuri, hata kama ni serikali ileile.

Kijana wa Kimarekani namheshimu zaidi, maana anajifunza lugha na ana uchungu wa kweli. Yeye ni wa rangi ya chungwa, rangi ya chama cha Move Forward, kilichoongoza uchaguzi wa Mei 2023 kwa viti 151 kati ya 500, lakini kiongozi wake, Pita Limjaroenrat, akazuiwa kuwa waziri mkuu kwa sababu maseneta 250 waliokuwa wameteuliwa na wanajeshi nao walikuwa na kura. Agosti 2024 mahakama ikakivunja chama chenyewe. Hayo yote ni kweli, na kijana huyaeleza vizuri. Tatizo lake ni kuyasimulia kana kwamba historia ilianza siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Mwaka 2010 waandamanaji wa shati jekundu, wengi wao wafuasi wa waziri mkuu aliyepinduliwa, Thaksin Shinawatra, walipiga kambi kwenye makutano ya Ratchaprasong, vituo vichache tu vya treni kutoka kibandani petu, na katika makabiliano ya Aprili na Mei mwaka ule zaidi ya watu 90 walipoteza maisha. Phi alikuwa akiuza kahawa papo hapo tulipokaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza alichokiona.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni habari ya "anko". Umesikia kwamba kilichomponza Paetongtarn ni simu aliyompigia Hun Sen, Rais wa Seneti ya Kambodia, mwezi Juni, wakati mpaka wa nchi hizi mbili ulikuwa umechafuka, na mazungumzo hayo yakavuja. Ndani yake alimwita Hun Sen anko, kwa neno lilelile la Kiingereza ambalo na sisi tumeligeuza letu. Wageni kibandani waliling'ang'ania neno hilo, wakasema huo ni utoto, waziri mkuu gani anayemwita kiongozi wa nchi nyingine mjomba? Mimi sikuona ajabu. Watu wa huku ni kama sisi, hawana "wewe" tupu: muuza mboga ni shangazi, dereva ni kaka, mzee usiyemjua ni babu. Hun Sen alikuwa rafiki wa baba yake, Thaksin, kwa miaka mingi, angemwitaje?

Wageni walipoondoka nilimuuliza phi, kwa Kithai changu cha kuungaunga. Akasema anko halina neno. Lililomuuma ni binti yule kumsema kamanda wa jeshi la kwao mbele ya jirani ambaye wana ugomvi naye, na kumwahidi kwamba akitaka chochote atamshughulikia. Kumsema ndugu yako kwa jirani, akasema, halafu akaacha hapo na kurudi kwenye glasi zake. Salum, sentensi ile moja isiyokwisha ilinifaa kuliko saa nzima ya uchambuzi. Nakukumbusha pia kwamba ukimya wa watu huku una sababu zake: kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinampeleka mtu jela miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kuudhalilisha ufalme. Wewe utakapofika, hilo usiligusie kabisa, hata kwa mzaha.

Jambo jingine ni hili, nami nalitaja kwa aibu kwa sababu lilinichukua muda kuliona. Tunaposema "wageni wanaonaje", tunamaanisha walioketi. Kijana aliyekuwa akiosha vyombo kibandani alikuwa Mkambodia. Mwishoni mwa Julai, baada ya siku tano za mapigano mpakani, wenzake walirudi kwao kwa malaki, naye akaondoka asubuhi moja bila kuaga. Aproni yake ya buluu bado inaning'inia kwenye msumari karibu na mtungi wa gesi. Siasa za huku zilimgusa kuliko zilivyotugusa sisi, na sikumbuki kama niliwahi kusikia maoni yake kuhusu lolote zaidi ya bei ya barafu.

Sasa turudi kwenye mawe. Nilipofika huku waziri mkuu alikuwa Prayut, kisha akaja Srettha, akafuata Paetongtarn, na tangu mwezi huu ni Anutin Charnvirakul, yuleyule ambaye akiwa Waziri wa Afya alihalalisha bangi mwaka 2022. Amechaguliwa kwa kura za chama cha upinzani kwa sharti kwamba atavunja bunge ndani ya miezi minne, kwa hiyo utakapofika huenda kampeni zikawa zimepamba moto. Katika mabadiliko yote hayo sijaona pakti hata moja ya spineli ya Mahenge ikikosa mtu wa kuiangalia. Hata hivyo sitaki nikudanganye: mkoa wa Chanthaburi, wenye soko la vito, unapakana na Kambodia, na Julai jeshi lilitangaza sheria ya kijeshi katika wilaya zake kadhaa. Nilikwenda wiki tatu baadaye. Soko lilikuwa wazi Ijumaa hadi Jumapili kama kawaida, wanunuzi mezani na madalali wakipita na vipakti, ila meza zilikuwa chache na bei zilisuasua.

Ushauri wangu ni uje baada ya Novemba, mvua zikiwa zimekata, na uanzie hapa Bangkok. Usije na mzigo wote. Leta sampuli za tanzanaiti na zile safaya za Tunduru ulizoniandikia, na karatasi za kusafirishia mawe ziwe zimekamilika kutoka huko, maana forodha haina mjomba. Nitumie uzito na picha kabla ya mwisho wa mwezi nianze kuulizia.

Mpe mama salamu zangu, na umwambie zile dawa za kupaka nitampa mtu anayesafiri wiki ijayo.

Wako,
Hamisi