Giza la shemeji na taa za Akka

Mysuru, 27 Julai 2025

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Mie mzima, kifua kimepona, mvua tu ndiyo imekataa kutuacha. Nimeisikiliza sauti yako ya Alhamisi usiku, ile unayolalama kwamba nimekuwa Mhindi sishiki simu. Usinune. Simu niliiacha chumbani makusudi, kutwa nzima nilikuwa chini kwa mama mwenye nyumba. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza kila neno.

Umesema shemeji yuko baharini tangu Jumatatu kwa kuwa ni giza. Basi giza hilohilo ndilo lililokuwa sikukuu huku. Sisi wa pwani tunalihesabu kwa dagaa: mwezi ukijaa taa za chombo hazivuti kitu, wanaume wanashinda barazani wakitia viraka nyavu, mwezi ukipotea wanatoka, nawe unalala sikio moja liko ufukweni. Huku wanalihesabu kwa ibada. Siku ile ambayo mwezi hauonekani kabisa wanaiita amavasya. Kila mwezi unayo yake, lakini si zote zenye uzito sawa. Hii ya Alhamisi, tarehe 24, ni Bhimana Amavasya, inayoufunga mwezi wao wa Ashadha, na wanawake wa Karnataka, jimbo hili niliko, hufunga kuwaombea uhai waume zao na kaka zao. Bhima mwenyewe hapa ni mungu wao Shiva, si yule shujaa mwenye rungu wa kwenye tamthilia za Kihindi.

Kwanza nikwambie aibu yangu. Saa kumi na mbili asubuhi nimekaanga vitunguu, harufu ikashuka ngazi mpaka sebuleni kwa watu. Nilipoteremka nikamkuta Akka, huyo mama mwenye nyumba, kishaoga, nywele zinachuruzika maji, anachora maua ya unga wa mchele mbele ya kizingiti. (Akka ni dada mkubwa kwa Kikannada, lugha ya huku. Ana zaidi ya miaka hamsini, lakini ukimwita mama anabadilika uso.) "Leo umekaanga kitunguu," akasema, wala hakuinua kichwa. Siku kama hiyo kitunguu na kitunguu saumu haviingii jikoni kwake. Nikakosa pa kuficha uso. Nikamwuliza nimsaidie nini, akanisukumia kikapu cha asumini nitunge. Hapo ndipo nilipojikomboa! Asumini ya Mysuru ina jina India nzima, na vidole vyangu havijasahau kazi ya vikuba. Hata Akka alisimama akatazama.

Binti yake yuko nyumbani. Kaolewa mwezi Mei, na desturi yao ni kwamba Ashadha bibi harusi wa mwaka wa kwanza hurudi kwa wazazi, hakai kwa mkwe. Nilidhani ni ugomvi, kumbe hesabu. Wazee wanasema mimba ya Ashadha huzaliwa Aprili, joto linapounguza, basi bora wawatenganishe. Nikacheka mpaka nikadondosha maua. Ukishakwisha mwezi huo, mume anakuja kufuata mali yake.

Na hili nilitaka kukueleza kwa sababu uliwahi kuniuliza kwa nini Diwali haitembei mwaka mzima kama Ramadhani. Wao pia wanafuata mwezi, na siku hiyo ya Alhamisi sisi tulikuwa tunamalizia Mfunguo Nne. Tofauti ni kwamba sisi tunaacha miezi irudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, wao wakiona wameachwa na jua huchomeka mwezi mzima wa ziada, takriban kila baada ya miezi 32. Mwaka 2023 walichomeka. Tena hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe: huku kusini mwezi huisha giza likiingia, kaskazini huisha mwezi ukijaa, kwa hiyo siku ni ileile lakini jina la mwezi linaweza kutofautiana. Wahindi wa madukani tuliowazoea Tanga wengi asili yao Gujarat, lugha nyingine na desturi nyingine. Usije ukawauliza habari za Bhimana wakakushangaa.

Jua lilipozama ndipo ibada ikaanza. Mie nilikaa mlangoni, kutazama tu. Sinia la shaba limejazwa mchele, juu yake taa mbili za udongo zimesimama bega kwa bega, zimepakwa manjano: moja Shiva, nyingine Parvati mkewe. Samli, tambi, kafuri, tambuu na popoo za kutosha kumtoa bibi yako kitandani. Na uzi wa pamba uliochovywa manjano, wenye mafundo tisa, ambao binti alifungwa mkono wa kulia. Atafanya hivi miaka tisa tangu aolewe. Akka alishapitisha tisa zamani sana, hajaacha.

Halafu yule binti akamkalisha mumewe kwenye kibao, akamwosha miguu, akaipaka manjano na kuiwekea maua. Bwana mwenyewe anafanya kazi ya kompyuta Bengaluru, ana alama ya soksi kwenye vifundo, na miguu ilikuwa inamtekenya. Anajizuia asicheke, mkwe anamkodolea macho. Akka kwa mumewe alimaliza haraka kama mtu anayefua leso.

Ngano yenyewe ni hii. Wazee wawili walikwenda hija Kashi, mji wao mtakatifu, wakamwacha binti yao kwa kaka yake. Mfalme kafiwa na mwanawe, anataka maiti iozwe kabla ya kuchomwa, anatoa mali. Unajua nani kamtoa yule msichana? Wifi! Nikamwambia Akka mawifi ni walewale dunia nzima. Basi wakamfungisha ndoa na maiti mtoni, mvua kubwa ikashuka, watu wote wakakimbia wakamwacha peke yake. Akakumbuka kwamba leo ni amavasya. Akafinyanga taa za udongo wa mtoni, akaabudu hapohapo. Shiva na mkewe wakapita kama wasafiri. Ibada ilibaki kitu kimoja, kuvunja madonge, kazi ya kaka, naye kaka yake hayupo pale. Shiva akavunja, na yule kijana akaamka.

Ndiyo maana mwishoni yanawekwa madonge ya unga kizingitini yakiwa na sarafu ndani, na kaka anayapiga kwa kiwiko. Akka kaka yake alifariki. Wakamwita mtoto wa jirani, ana miaka saba, akapiga donge kama anaua nge. Sarafu ya rupia tano ikaruka ikaingia chini ya kabati, na mpaka leo haijaonekana.

Lakini kuna kitu hakikunikaa. Mama mkwe wa Akka ni mjane. Muda wote ule alikuwa jikoni anakuna nazi, kwenye mbuzi kabisa, Mwanahawa, kama yetu, kiti na meno yake. Hakuja sebuleni. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemwita. Mambo ya manjano na bangili ni ya wenye waume. Alifunga siku hii miaka mingi, mume akafa vilevile. Nilimpelekea kamba ya asumini iliyobaki. Akainusa, akairudisha mkononi mwangu, akaendelea kukuna.

Baadaye, Akka anafungua kwa donge la mvuke lenye sukari guru, nikamwuliza: wewe umemfungia yeye, nani anakufungia wewe? Akanyooshea kidole mumewe aliyekuwa anasinzia mbele ya televisheni. "Huyo? Akicheleweshewa kahawa nusu saa anaumwa kichwa."

Nikamwambia habari za shemeji. Kwamba huko kwetu, usiku huohuo, mume wa shoga yangu yuko katikati ya maji kwa sababu mwezi haupo. Akaacha kutafuna. Kwao hata safari ya basi siku hiyo wengi huiahirisha. Akaniuliza chombo kina taa? Nikasema zipo, ndizo zinazowaita dagaa. Akanyanyuka, akaiongeza samli taa moja kati ya zile mbili, akavuta utambi kwa ncha ya kidole, akarudi kukaa. Hakusema kitu, nami sikuuliza ni ya nani. Usimwambie mwalimu wa madrasa.

Keshokutwa Jumanne ni Nagara Panchami, wanawamwagia maziwa nyoka wa mawe chini ya mti, na vitunguu vyangu nishavifungia kabatini.

Nijibu shemeji karudi na ndoo ngapi, na bei imesimama wapi.

Ni mie shoga yako,
Zaituni