Kwa vijana mnaoongoza kipindi cha ushuhuda

Wanangu na wajukuu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Barua hii siwaandikii wachungaji. Wao wana vikao vyao na wana maaskofu wa kuwasema. Nawaandikia ninyi mnaoshika maiki kati ya sifa na mahubiri, mnaoendesha mikesha ya Ijumaa na makongamano ya vyuoni. Ninyi ndio mnaoamua nani asimame, azungumze kwa dakika ngapi, na kinanda kiingie lini. Mahubiri ya Jumapili iliyopita waumini wengi wameshayasahau, lakini ushuhuda wanaurudia sokoni na kwenye daladala. Kwa hiyo, mpende msipende, imani ya usharika inafundishwa na ninyi zaidi kuliko na wenye kanzu.

Na miaka hii mnafundisha jambo moja tu, kwamba Mungu ameongeza. Ameongeza gari, ameongeza kiwanja, viza imetoka, zabuni imepatikana. Sina ugomvi na shukrani. Mtu aliyesota na vyeti vyake akapata kazi, aje ashukuru, na vigelegele vyangu mnavijua, havijachoka. Kinachonikosesha usingizi ni kile ambacho hakisikiki tena. Sisikii mtu akisimama na kusema: wokovu uliponifikia, nilirudisha.

Wazee wenu walikisikia kila wiki. Mwaka 1929, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akiwa amechoka na Ukristo wa jina. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukashika Gahini, ukavuka mipaka kwenda Uganda na Kenya, ukafika na kwetu Kagera. Ule wimbo wa Tukutendereza Yesu mnaoupiga kwa gitaa la besi ndio uliokuwa wimbo wao. Walihubiri msalaba, damu, toba na kutembea nuruni, maneno ambayo wamisheni walikuwa wameshayahubiri. Majirani walishtushwa na kitu kingine. Walokole, yaani waliookoka katika uamsho huo, walirudisha vitu. Jembe la jirani lilirudi, ng'ombe wa dhuluma alirudi, vifaa vya mwajiri vilirudi, na kodi iliyokwepwa ikapelekwa bomani.

Nilipokuwa binti mdogo, kijijini kwetu palikuwa na karani wa mizani wa chama cha msingi cha kahawa. Msimu ukifika watu walipanga foleni tangu alfajiri na magunia ya kahawa ya maganda, naye ndiye aliyesoma uzito na kuuandika. Aliisoma mizani kabla mshale haujatulia, na siku zote aliusoma ungali unapanda. Kilo mbili hapa, tatu pale, mwisho wa msimu zilikuwa magunia, na magunia yale yaliandikwa kwa jina la shemeji yake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Akaokoka kwenye mkutano wa walokole. Watu wakasema, tutaona. Haukupita muda akaonekana akipita nyumba hadi nyumba na daftari la shule lililokunjwa katikati. Alikaa kwenye mkeka wa kila nyumba, akasoma jina, msimu, na kilo alizokadiria kuwa aliziiba. Kwetu alimkuta mama akimenya ndizi. Mama hakuacha kumenya. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Na za marehemu mume wangu je?" Karani akafunua ukurasa mwingine. Alikuwa ameziandika.

Aliuza baiskeli, kisha ng'ombe, na wa mwisho kulipwa walisubiri misimu miwili. Nyumba yake haikuona bati mpaka anazikwa.

Sasa niwaulize, mtu huyu mngempa maiki? Angesema nini? "Bwana asifiwe, niliokoka nikabaki bila baiskeli." Kinanda kingeingia wapi?

Someni Waebrania 11 kama watu mnaopanga ratiba ya kipindi. Mwanzoni mambo ni matamu: waliofunga vinywa vya simba, walioshinda vita, wanawake waliopokea wafu wao wakiwa hai. Halafu katikati ya mstari wa 35 mwandishi anageuka, bila kuomba radhi, anawataja waliopigwa, waliofungwa, waliokatwa kwa misumeno, waliozunguka wamevaa ngozi za kondoo na mbuzi. Na anasema hao wote walishuhudiwa kwa imani yao, hawakuwekwa daraja la pili. Nyie mngewakata hapo kwenye simba, mkasema muda umekwisha.

Kosa hili lina gharama. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako ili wayakanyage. Sitaki kumhukumu aliyekimbia; mama mwenye mtoto mgonjwa na deni la dawa atakimbilia chochote. Lakini mbio zile zilikuwa na walimu wake, na wengi wao ni watu waliowahi kupewa maiki wakaeleza namna walivyokanyaga, walivyopaka, walivyopanda mbegu ya sadaka, na kilichofuata. Aliyekanyaga akabaki na ugonjwa wake hakuwahi kuitwa mbele. Yuko nyumbani, anadhani Mungu amemruka.

Atatokea mmoja wenu aliyepita chuo cha Biblia, aniambie: Bibi, kurudisha ni matendo, sisi tunaokolewa kwa neema. Amina, Waefeso 2:8 naijua tangu kipaimara; wewe endelea mpaka mstari wa 10. Kisha nenda Luka 19. Yesu alijialika kwa Zakayo mtoza ushuru, naye Zakayo akiwa bado juu ya mkuyu, hajatubu kwa neno hata moja, na watu wakanung'unika. Neema ilitangulia, haikumdai kiingilio. Lakini ilipoingia nyumbani, fedha zilianza kutoka: "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Yesu hakumzuia. Wala hakumwelekeza azipande madhabahuni. Alisema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu."

Nasi Walutheri ndio hatuna kisingizio kabisa. Ile hoja ya kwanza kati ya hoja 95 za Martin Luther, mwaka 1517, inasema Bwana alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Kilichomchokoza aandike ni biashara ya vyeti vya msamaha: mtu alilipa, akapewa karatasi, akarudi nyumbani na amani ya bei rahisi, na yule aliyedhulumiwa naye hakuona hata senti. Tazameni zile chupa na vitambaa vinavyouzwa mlangoni kwenye baadhi ya mikutano, mniambie kama hamuoni jamaa zake.

Mimi nilikuwa mhazini wa usharika, kwa hiyo mnisamehe nikipenda hesabu. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinasema aliyemkosea mwenzake aungame, alipe kitu kizima, aongeze na sehemu ya tano. Umechukua laki moja, unarudisha laki na elfu ishirini. Na kama mwenye mali amekufa, haachi ndugu wa kupokea, bado mwizi habaki nazo. Zinakwenda kwa Bwana, kwa kuhani. Ni pale tu ndipo kuhani anapopewa, yaani mwisho kabisa, mwenye haki akiwa hayupo na ukoo wake hakuna. Sisi tumelipindua. Kuhani anapokea kwanza, na mwenye haki hatumuulizi.

Nitoe mfano wa siku hizi, bila jina wala mahali. Kijana wa manunuzi anasimama kushukuru kwa nyumba aliyoijenga haraka kuliko mshahara wake unavyoweza. Kanisa linalipuka. Benchi la nyuma amekaa mzabuni mdogo wa vifaa vya ofisi, naye anakumbuka asilimia aliyodaiwa ili hundi yake itoke. Mzabuni huyo anajifunza nini kuhusu Mungu siku hiyo? Anajifunza kwamba Mungu yuko upande wa aliyemkamua. Na akirudi Jumapili ijayo, basi ni kwa sababu ya mkewe. Kijana akitoa fungu la kumi la rushwa, mafungu tisa yaliyobaki hayatakasiki, wala hilo moja halina utakatifu wowote. Bahasha za namna hiyo zilifika mezani kwangu, na baraza la wazee tulibishana hadi usiku kwa sababu paa lilikuwa linavuja.

Kwenye mikesha mnakemea roho ya rushwa mpaka sauti zinakauka. Wanangu, roho hiyo ina ofisi, ina namba ya simu, na mara nyingine inaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Haitoki kwa kukemewa kwa ujumla wake. Inatoka mtu mmoja akifungua daftari. Wakristo wa kiinjili wa mataifa mengi walipokutana Lausanne, Uswisi, mwaka 1974, waliandika katika agano lao kwamba wanatubu kwa kuupuuza wajibu wao kwa jamii, na kwa kuona wakati mwingine kwamba uinjilisti na kutetea haki ni mambo yasiyoweza kukaa pamoja. Kwenye makaratasi tumeshakubaliana zamani. Imebaki mizani ya kahawa, na ofisi ya manunuzi, na mshahara wa dada wa kazi ambao mama mwimbaji anauchelewesha hadi tarehe 15.

Watu waliojizoeza nuru katika mambo ya kilo na majembe walikuja kuwa wagumu mbele ya wakubwa. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huohuo mwaka 1948. Februari 1977, akiwa askofu mkuu wa Waanglikana Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo akauawa. Huyo hakuongezewa kitu mnachoweza kukipigia makofi.

Lakini sitawapamba wazee wa uamsho kuliko walivyokuwa. Gahini iko Rwanda, na mwaka 1994 Rwanda hiyohiyo watu walichinjwa ndani ya makanisa walimokimbilia, Ntarama na Nyamata, na wengi wa walioshika mapanga walikuwa wamebatizwa. Wapo walokole waliokataa kutengwa na ndugu zao wa kabila lingine, wakafa pamoja nao, Mungu awatukuze. Hata hivyo lazima tuulize. Ile nuru iliyomulika pombe, sigara na jembe la jirani, ilifika kwa kiasi gani kwenye chuki iliyokuwa imelala chini ya godoro? Jibu langu ni kwamba haikufika vya kutosha, na sababu mojawapo ni kwamba kuungama kulizoeleka, kukawa na orodha yake ya dhambi zinazokubalika kutajwa. Nasi tusije tukatengeneza orodha nyingine, ya rushwa safari hii, tukaacha ukabila na ukanda vikae kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa kama vinavyokaa sasa.

Kasoro nyingine yao niliiona kwa macho. Kila kitu kilisemwa mbele za wote. Mume alisimama akataja zinaa yake na jina la mwanamke, mkewe akiwa kwenye benchi na mtoto mgongoni, na ndiyo kwanza anasikia. Wakaimba Tukutendereza. Yule mama alipelekwa nje na wenzake wawili, na hakuna aliyemwuliza lolote. Msirudishe hilo. Dhambi iungamwe mahali ilipoumiza: aliyekiibia chama akiambie chama, aliyemkosea mke amwendee mke, na mzee mmoja mwenye busara awe karibu. Ikihusu mtoto kudhulumiwa mwili, hapo hakuna ushuhuda wala upatanisho wa chumbani. Ni polisi, siku hiyohiyo, na mchungaji afuate nyuma.

Maiki yafuate baadaye, mambo yakishatengenezwa, na kwa ruhusa ya aliyerudishiwa. Kabla hamjampa mtu nafasi, kaeni naye dakika chache mumwulize kwa upole ameipataje, na kama kuna mtu aliyeumia njiani. Mwenye mkono safi hatakasirika. Siku nyingine mwiteni yule ambaye bado anaumwa, aseme anaombaje. Na kiasi cha fedha kisitajwe kamwe, wala cha kupokea wala cha kutoa.

Sasa la utaratibu, maana mkilianza hili watu watakuja na fedha, na wengine watataka kuzipitishia kanisani kwa aibu ya kumkabili mwenyewe. Zipokeeni, lakini zisiguse kapu la sadaka wala lipa namba ya usharika. Wawe watatu wanaohesabu, mmoja asiwe ndugu wa mwingine. Hata Paulo, 2 Wakorintho 8, hakukubali kusafirisha mchango peke yake. Andikeni stakabadhi yenye jina la mwenye haki, pelekeni ndani ya wiki, na mpate sahihi yake au dole gumba. Mhazini akiwaambia zikopeshwe kwanza jengo liezekwe, mwonyesheni barua hii.

Bibi yenu katika Kristo,
mhazini mstaafu, Kagera