Hatukufika popote

Besti,

Pole nimekaa kimya, hii wiki imenikimbiza mbaya. Umeuliza Jumamosi makomredi tulifika wapi na ile maneno ya kazi ya ngono, kama sheria iiache ama iikataze. Hatukufika popote, tuligombana mpaka chai ikapoa.

Yule wa miwani anataka tuige Sweden, tangu 1999 wanamshika mnunuzi na muuzaji wanamwacha. Ikasikika poa, hata mimi niliinamisha kichwa. Sasa nikarudi nyumbani nikamwuliza jirani wa hapa ploti, si unamjua, yule wa nyumba ya pembeni. Alikuwa anajipanga kutoka, anakunja mia tano anaziweka kwa soksi, nikadhani ni fare. Akasema hiyo ni ya askari, fare iko kwa mkoba. Nikamweleza Sweden. Akacheka wee! Akasema mteja akiogopa kushikwa atataka twende gizani na tuharakishe, na mimi nahitaji dakika mbili za kumsoma uso kabla niingie gari yake.

Na usifikirie anaipenda hiyo kazi. Alikuwa EPZ, vile viwanda vya nguo za kuuza nje, kule Athi River anashona, mshahara ukaisha kabla kodi ilipwe. Kwa hivyo wakisema njaa ndiyo inamsukuma nakubali, sibishani. Lakini njaa ilimsukuma pia EPZ na hakuna mtu alimfuata huko na pingu. Ndiyo maana nashindwa na hawa wetu, wanachukia ubepari halafu dawa yao ni polisi.

Halafu kuna yule alisimama ati kusema "mfanyakazi wa ngono" ni ubeberu, lugha ya NGO za wazungu. Hapo nilipandwa. Nikamwambia sheria ya makosa ya jinai tunayotumia aliiandika nani, si mkoloni, 1930? Huyo huyo alileta kodi ya vibanda, akaita wanaume Nairobi na mshahara wa bachela, na wanawake wa Pangani na Pumwani wakawapikia, wakawapa maji ya kuoga na kitanda kwa malipo, na kuna waliojenga nyumba zao na hizo pesa. Na 2003 Marekani ilipotoa pesa za ukimwi iliambia mashirika yasaini kwanza kwamba yanapinga ukahaba. 2013 mahakama yao ya juu zaidi ikasema mashirika ya Marekani yasilazimishwe, ni uhuru wao wa kusema. 2020 ikarudi ikasema mashirika ya nje hayana huo uhuru. Yaani sisi tusaini! Sasa hapo beberu ni nani, ni huyu wa soksi?

Jamaa akanyamaza kidogo, akaruka New Zealand ati huko hii kazi ni huru tangu 2003. Nikamwambia ni kweli na mimi ningeanzia hapo, lakini mgeni mwenye viza ya muda bado hawamruhusu, kwa hivyo ukienda kutoka hapa hiyo uhuru utaiangalia kwa dirisha.

Anyway, nimemwalika jirani aje aongee mwenyewe badala ya sisi kumwongelea. Akauliza kama kuna fare. Halafu akasema Jumamosi hawezi, ndiyo siku yake ya pesa, sisi wote hatukuwa tumefikiria hiyo! Kwa hivyo tumesongesha iwe Jumatatu saa nane. Kuja, na ukuje na leso yangu, nimechoka kukukumbusha.