Malalamiko Kuhusu Foronya za Godoro Zisizolingana na Vipimo Vilivyotangazwa

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: FORONYA MBILI ZA GODORO LA KUJITENGENEZEA NYUMBANI

Husika na somo tajwa hapo juu. Ninaandika kulalamikia foronya mbili za godoro nilizonunua kwenu, ambazo mlizitangaza kuwa ni za bei nafuu na kwamba zimeshonwa mahsusi kwa watu wanaojitengenezea magodoro. Bei ilikuwa nafuu kweli, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba foronya hizo hazivaliki kwenye godoro la vipimo mlivyoviandika ninyi wenyewe, na majibu niliyopewa na watumishi wenu yamelikwepa jambo hilo.

Godoro langu lina matabaka matatu ambayo hayakugundishwa: sponji ngumu ya sentimita 10 chini, mpira asilia wa sentimita 5 katikati, na sponji laini ya sentimita 5 juu. Likikamilika lina urefu wa sentimita 190, upana wa sentimita 150 na unene wa sentimita 20, na hivyo ndivyo vipimo vilivyoandikwa kwenye tangazo lenu, kwenye mfuko na kwenye risiti. Nilichukua foronya mbili ili moja ikifuliwa nyingine iwe kitandani. Ya kwanza niliifua kabla ya kuivisha, kwa kuwa lebo iliyoshonwa ndani inaagiza hivyo. Ya pili haijaguswa na maji mpaka leo, nayo ndiyo inayoonyesha kosa lilikoanzia.

Hiyo ambayo haijafuliwa nimeipima kwa ndani, kutoka mshono hadi mshono. Ina urefu wa sentimita 187, upana wa sentimita 147, na ubavu wake una kimo cha sentimita 17. Upungufu wa sentimita 3 unaojirudia katika kila kipimo hauwezi kuwa wa bahati mbaya. Ukiigeuza foronya ndani nje unaona upindo wa sentimita moja na nusu kila ukingo, maana yake kitambaa kilikatwa kwa kipimo kamili cha godoro, kisha mishono ikala sehemu ya kipimo hichohicho. Mlichotangaza, basi, ni ukubwa wa kitambaa kikiwa bado mezani kwa mkataji, na mnunuzi hana namna ya kulijua hilo mpaka afungue mfuko.

Ile iliyofuliwa, tena kwa maji baridi na kwa mkono kama lebo inavyoelekeza, imerudi zaidi: urefu wake sasa ni sentimita 178. Kitambaa cha pamba ambacho hakikuloweshwa kabla ya kukatwa hurudi kinapokutana na maji kwa mara ya kwanza, na hilo si siri kwa yeyote anayeishi kwa kuuza vitambaa. Ndiyo sababu fundi makini hukilowesha na kukikausha kwanza, au huongeza kipimo ili kufidia. Ninyi hamkufanya lolote kati ya hayo, kisha mkaagiza mteja aifue kabla ya kuitumia.

Nilipolalamika mara ya kwanza nilijibiwa kwamba foronya itatanuka yenyewe kadiri inavyotumika. Jibu hilo lingekuwa na ukweli kiasi kama kitambaa kingekuwa cha aina ya fulana, kinachovutika. Chenu ni cha nyuzi zilizopishana na kukazwa, aina ya marikani, na sentimita 12 zilizopotea kwenye urefu hazitarudishwa kwa kulaliwa. Niliongezewa ushauri kwamba ninaweza kuipunguza sponji kwa kisu. Fundi aliyekosea kipimo cha kanzu hamwambii mteja akapungue mwili.

Hata hivyo, kama vipimo vingekuwa sahihi, bado foronya hizi zisingefaa kwa kazi mliyozitangazia, kwa sababu zipu yake iko upande mmoja tu, tena ule mfupi wa miguuni. Godoro la kiwandani ambalo matabaka yake yamegundishwa linaweza kusukumwa ndani ya foronya ya namna hiyo kwa taabu. Matabaka yaliyo huru hayawezi. Mpira asilia ni mzito na hung'ang'ania kitambaa badala ya kuteleza, na ukiuvuta kwa kuushika pembeni unachanika kwa urahisi. Sponji laini nayo hujikunja ndani, ikaacha tuta mgongoni mwa anayelala. Nilipojaribu na foronya ambayo haijafuliwa, kichwa cha zipu kilikwama kwenye kona na meno yakaachana nyuma yake. Foronya ya godoro la matabaka huhitaji zipu inayozunguka pande tatu, ili upande wa juu ufunuliwe kama kifuniko, matabaka yapangwe moja baada ya jingine mahali pake, kisha ifungwe. Isitoshe, faida kubwa ya kujitengenezea godoro ni kuweza kubadilisha tabaka moja lililochoka bila kutupa mengine.

Lipo pia suala la lebo. Imeandikwa "pamba na nyuzi nyingine" na kuishia hapo. Baadhi ya foronya huwekewa ndani nyuzi za kioo ili kuzuia moto, na nyuzi hizo zikitoka huwasha ngozi na macho na husambaa chumba kizima. Kwa foronya ambayo mwenyewe anatarajiwa kuifungua mara kwa mara, hilo si jambo la kuachwa bila kutajwa. Naomba mnijulishe kwa maandishi nyuzi hizo nyingine ni zipi.

Mtumishi wenu wa pili aliniuliza nilitarajia nini kwa bei ile. Nilitarajia kitambaa chepesi, kisicho na rangi wala marembo wala bitana ya pamba iliyotandazwa, na hivyo vyote nilivikubali tangu mwanzo. Hapo ndipo mtengenezaji anapoweza kubana gharama bila kumdhulumu mtu. Kipimo sahihi hakiongezi gharama ila kitambaa kidogo cha upindo. Na mteja anayelazimika kununua foronya nyingine baada ya hii hajauziwa kitu cha bei nafuu.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha zote nilizolipia foronya mbili pamoja na gharama ya kusafirishiwa, ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Sitakubali kubadilishiwa kwa foronya nyingine za aina ileile. Naomba pia tangazo lenu lirekebishwe, litaje vipimo vya ndani baada ya kufuliwa, idadi ya pande zenye zipu, na nyuzi zote zilizotumika.

Ninaambatisha nakala ya risiti, picha za lebo na za zipu iliyoachana, pamoja na picha za vipimo vikiwa vimechukuliwa kwa futi ya fundi. Foronya zote mbili nimezihifadhi na zinaweza kuchukuliwa siku yoyote ya kazi, kwa gharama zenu.

Wenu,
Mteja, mwenye risiti iliyoambatishwa.