Kuchagua Miji ya Likizo Unapozunguka Ziwa Victoria

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Mwanza kupanga likizo ya nchi jirani huja na orodha iliyokwisha kamilika: Kisumu, Jinja, Kampala, Entebbe, Kigali na Bukoba, yote hiyo kwa siku nane. Kwenye ramani miji hiyo inaonekana kupakana, lakini ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 hulazimika kulizunguka kwa barabara, na anayetaka kuiona yote hutumia nusu ya likizo yake ndani ya basi au kwenye foleni ya mpakani. Ushauri wetu ni kuchagua miji mitatu, kulala angalau mara mbili katika kila mmoja, na kuiacha mingine kwa safari nyingine.

Kigezo cha kwanza ni mwelekeo wa barabara, si umaarufu wa mji. Safari tunayoipenda zaidi huanzia Mwanza kupitia Musoma na Sirari hadi Kisumu, huvuka Busia kuelekea Jinja na Kampala, kisha hushuka kwa njia ya Masaka na Mutukula hadi Bukoba, ambako msafiri hupanda meli ya usiku kurudi nyumbani bila kurudia barabara aliyokwisha kuipita. Kigali haimo katika mzunguko huo. Njia yake hupita kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kisha Geita hadi mpaka wa Rusumo, nasi tunaamini kwa dhati kwamba mji huo unastahili safari yake wenyewe.

Kigezo cha pili ni kujiuliza mji una nini ambacho nyumbani hakipo. Familia ya Mwanza iliyokwisha tembelea Kisiwa cha Saanane na kula sato ufukweni itaifurahia Kisumu, lakini haitashangazwa nayo. Usiku mmoja wa kupumzika unatosha, isipokuwa kama kuna ndugu wa kuwatembelea. Jinja ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo maji ya ziwa letu yanapotoka na kuanza kuwa Mto Naili, na mtu aliyekua akiyatazama yametulia Kirumba au Igombe huguswa anapoyaona yakishika kasi kuelekea Sudan na Misri. Panda boti asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwambie nahodha akupeleke hadi penye chanzo chenyewe. Kwa wenye watoto wadogo, tunapendekeza walale Entebbe badala ya katikati ya Kampala: kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, kuna wanyama wa kuonyesha watoto, na msongamano wa magari ni mdogo.

Anayechagua Kigali aangalie kalenda kwanza. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya Umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga, na asubuhi yake maduka mengi hufungwa na magari hupungua barabarani. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na magari hupita upande wa kulia, jambo linalowahusu sana wanaosafiri kwa gari lao.

Kuhusu nyaraka, Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, Uganda wala Rwanda, ila awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Mwenye mgeni kutoka ng'ambo ajue kwamba viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki huhusu nchi hizo tatu pekee; Tanzania haimo. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, kwa kuwa cheti chake hakianzi kutumika kabla ya hapo. Aliyekwisha chanjwa miaka ya nyuma hana haja ya kurudia, kwani tangu 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.

Jambo la mwisho ni meli. Ratiba yake ndiyo inayoamua siku ya kuondoka Kampala, na vyumba vya kulala huwahi kujaa wakati wa likizo za shule. Kabla ya kulipia hoteli yoyote ng'ambo ya Mutukula, tafadhali tuulize kwanza meli inaondoka Bukoba siku gani.